Mlinzi wa Chuma na Yule wa Chini ya Mwembe

Ndugu waamini, na ninyi viongozi wa walei mliokabidhiwa hesabu na mali za parokia na vigango,

Mwezi uliopita Kamati ya Fedha ya parokia yetu ililetewa mezani pendekezo ambalo, kwa kulitazama juu juu, halina ubaya wowote. Kijana nadhifu, mwenye kompyuta mpakato na maneno matamu, alitueleza jinsi nyumba ya mapadre, ofisi, ghala na nyumba ya masista zinavyoweza kulindwa usiku na mchana bila mtu hata mmoja kukesha. Milangoni na madirishani vitabandikwa vihisi vidogo visivyotumia waya. Kwenye pembe za majengo zitawekwa kamera. Uani itazunguka roboti ya magurudumu, itakayoagizwa kutoka ng'ambo, yenye jicho la kuona gizani, ambayo ikipata habari kutoka kwa kihisi chochote itakwenda yenyewe kutazama, kupiga picha, na kuituma kwenye simu ya Paroko popote alipo. Gharama zote, alisema, zitakuwa zimerudi katika muda wa miaka miwili, "maana, Baba Paroko, mtaondokana na walinzi wote wawili."

Wajumbe kadhaa waliitikia kwa vichwa. Sisi wa Tume ya Haki na Amani tuliokuwapo tuliomba tupewe muda wa kutafakari. Waraka huu mdogo ndio jibu letu, na tumeona vema usomwe katika jumuiya zote, kwa kuwa kijana yule haendi kwenye nyumba za mapadre peke yake. Amekwisha kupita katika nyumba za waamini wenye uwezo, na katika mtaa mmoja wa parokia yetu wenye nyumba wameanza kuchangishana.

Tuanze kwa kutoa haki panapostahili, hata kama anayestahili ni chombo. Kihisi cha mlangoni si uchawi wala si adui. Ni vipande viwili, kimoja kina sumaku na kingine kina swichi ndogo. Mlango ukifunguliwa, sumaku huachana na mwenzake, swichi huachia, na ishara ya redio hurushwa hadi kwenye kisanduku kilichomo ndani, nacho hupiga king'ora. Kile kinachobandikwa juu ukutani hupokea joto: mwili wa mtu apitaye mbele yake hubadilisha miali ya joto inayokifikia, nacho hulitambua badiliko hilo. Vifaa hivi si ghali sana na betri zake hudumu miezi mingi. Kwa mjane anayeishi peke yake, au kwa duka la kikundi cha akina mama, king'ora kinacholia saa nane za usiku chaweza kuokoa mtaji wa mwaka mzima. Mwenye kukinunua kwa ajili hiyo hatuna ugomvi naye.

Hata hivyo chombo chema nacho kina mipaka yake, na mipaka hiyo muuzaji hakuitaja. Kihisi cha joto hutegemea tofauti kati ya joto la mwili na joto la mahali. Ghala la bati mwezi wa Februari, saa tisa alasiri, likifikia nyuzi 35 na kupita, tofauti hiyo karibu hutoweka, na mtu aweza kupita asitambuliwe. Ishara ya redio nayo yaweza kuzibwa na mashine ndogo inayopiga kelele katika masafa yaleyale. Fundi redio yeyote wa sokoni atawaeleza. Zaidi ya hayo, mitambo ya aina tuliyoletewa haitunzi picha zake nyumbani. Huzipeleka kwanza kwenye kompyuta zilizo nchi za mbali, kisha huzirudisha kwenye simu ya Paroko aliyelala chumba cha pili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, nchi yetu na majirani zake walibaki na intaneti ya kuchechemea. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, siku zilezile ambazo kila mzazi alikuwa amesimama nyuma ya geti lake akisikiliza kilichoko nje. Hata huko mitambo hii inakotoka, tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo hitilafu katika vituo vya kompyuta vya kampuni ya Amazon huko Virginia, Marekani, ilivuruga kwa saa nyingi huduma zisizo na idadi, zikiwamo kengele na kamera za milangoni za Ring, ambayo ni mali ya kampuni hiyohiyo.

Mzee wetu wa lindo hakuzimika hata siku moja kati ya hizo.

Tumtaje basi mzee huyo, ingawa si kwa jina, kwa kuwa hakutuomba tumtangaze. Ana miaka kumi na mmoja kazini. Huingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa juma. Vifaa vyake ni tochi, rungu, filimbi, na koti la mvua aliloachiwa na padre mmoja aliyehamishwa. Lindo lake ni chini ya mwembe ulio karibu na geti, juu ya kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Katika miaka yote hiyo hakujengewa kibanda. Choo alichoonyeshwa alipoajiriwa ni cha shule, na shule hufungwa saa kumi na moja jioni. Ninyi wenyewe mwaweza kukisia hufanya nini baada ya hapo.

Sasa sikilizeni jambo hili. Katika mchoro aliotutandazia yule kijana, roboti ilikuwa imetengewa mahali pake barazani, chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji, penye umeme wa kuchajia. Alitueleza kwamba haifai kunyeshewa wala kushinda juani. Hakuna mjumbe aliyeuliza baraza hiyo itagharimu kiasi gani. Kibanda cha mlinzi kiliombwa mara mbili katika Halmashauri ya Walei, na mara mbili kiliahirishwa kwa sababu ya ufinyu wa bajeti. Hatuandiki hivi ili kuwaaibisha wengine. Tulikuwamo katika vikao vile vyote viwili, na mmoja wetu ndiye aliyeandika muhtasari.

Tumeambiwa kwamba mlinzi ni ghali. Tukaona tufungue daftari la mishahara. Saa kumi na mbili kwa usiku, mara usiku sita, ni saa 72 kwa juma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 kwa juma kuwa ndiyo kazi ya kawaida. Kinachozidi hulipwa kwa nyongeza ya nusu ya ujira, tena saa hizo za ziada zisivuke 50 katika majuma manne. Za mzee wetu ni 27 kwa juma, yaani 108 katika majuma manne. Kazi ifanywayo kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake pia, asilimia tano. Katika daftari hatukuona malipo ya saa za ziada, wala nyongeza ya usiku. Tuliona tarakimu moja ileile, mwezi hata mwezi, na alama ya dole gumba pembeni. Mtu huyu ameonekana ghali hata kabla hajalipwa anachostahili.

Asidhani mtu kwamba walio katika makampuni ya ulinzi wana nafuu kubwa. Amri ya Mishahara iliyotumika kuanzia Januari 2023 hadi mwisho wa 2025 iliweka kima cha chini cha shilingi 222,000 kwa mwezi kwa makampuni makubwa ya ulinzi, na shilingi 148,000 kwa madogo. Gawanyeni hiyo 148,000 kwa saa za mwezi za mlinzi anayekesha kama wetu: mtapata chini ya shilingi 500 kwa saa. Kwa bei hiyo tumelala usingizi, tukaamka, tukaenda kazini, na tukarudi tukilalamika kwamba askari alikuwa anasinzia.

Ndiyo, walinzi husinzia. Tusilifiche. Mtu aliyelima kutwa ili aongezee ujira usiotosha atasinzia saa tisa za usiku, awe mcha Mungu namna gani. Wapo pia walioshirikiana na wezi. Katika kigango chetu kimoja jambo hilo lilitokea, na mlinzi aliondolewa kwa haki. Lakini hatujapata kusikia kwamba mhasibu akiiba, dawa yake ni kuwafukuza wahasibu wote na kununua kabati la chuma. Kwa maskini peke yake kosa la mmoja hugeuzwa kuwa tabia ya kazi nzima.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwahi kuiona roboti, lakini tunapomkumbuka yule kijana akituonyesha picha ya mashine yake ikizunguka uani, hatuwezi kuacha kutabasamu. Na tutazame basi imejitembezaje huko ilikozaliwa.

Mwishoni mwa mwaka 2017, chama cha kutunza wanyama cha mji wa San Francisco kilikodi roboti ya ulinzi ya kampuni ya Knightscope, chombo chenye umbo la yai, kimo cha mtu mfupi na uzito wa karibu kilo 180, kikaizungusha kwenye njia ya waendao kwa miguu kando ya majengo yake. Watu wasio na makazi walikuwa wamepiga mahema mahali hapo. Wakuu wa chama walilalamika juu ya magari kuvunjwa, uchafu na sindano, na yawezekana malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Wakazi walikasirika. Roboti ilifunikwa turubai na kupakwa mchuzi wa nyama choma, na wakuu wa jiji wakaonya kwamba chama kingetozwa faini ya hadi dola 1,000 kwa siku iwapo kingeendelea kutumia njia ya umma bila kibali. Ikaondolewa. Kampuni ilikuwa ikitangaza kukodisha roboti hizo kwa takriban dola 7 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara katika mji huo tangu Julai mwaka ule kilikuwa dola 14. Fikirini: chama kilichoundwa kwa ajili ya huruma kwa mbwa na paka wasio na kwao! Hatukicheki, maana nasi pia ni watu wa huruma, na mwembe wetu unatushuhudia.

Miaka sita baadaye, Septemba 2023, meya wa New York, Eric Adams, alizindua roboti ya aina hiyohiyo katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Times Square. Aliisifu hadharani kwamba kodi yake ni dola 9 kwa saa, chini ya kima cha chini cha mshahara, tena haihitaji muda wa kula wala wa kwenda chooni. Sifa hiyo ya choo tumeiweka moyoni. Kumbe roboti yenyewe haikuweza kupanda ngazi, na kila ilipotembea ilisindikizwa na askari polisi mwenye nyama na damu, anayelipwa mshahara, ili isidhuriwe. Kufikia Februari 2024 ilikuwa imeondolewa kazini. Hatutazungumzia sana ile iliyomgonga mtoto mdogo katika kituo cha maduka huko California mwaka 2016, wala ile iliyotumbukia yenyewe katika bwawa la chemchemi huko Washington mwaka 2017. Mashine yoyote hupata ajali. Tunalotaka mlione ni hili, kwamba mahali pote pawili sifa iliyotajwa haikuwa uhodari wa kukamata mwizi peke yake. Ilikuwa pia ni kulipwa chini ya mtu.

Na je, mnunuzi huwa ndiye mwenye mali? Kampuni ya Amazon ilitangaza roboti yake ya nyumbani, Astro, Septemba 2021. Novemba 2023 ikatoa nyingine ya kulinda maduka na ofisi kwa bei ya karibu dola 2,350. Julai mwaka uliofuata ikatangaza kwamba inaachana na biashara hiyo, na kwamba tarehe 25 Septemba 2024 roboti zile za maofisini zitaacha kufanya kazi. Wanunuzi walirudishiwa fedha zao, hilo tunalisema ili tusimsingizie mtu. Hata hivyo mlinzi wao alizimwa na mtu asiyewajua, aliyeko mbali, kwa sababu za biashara yake. Mzee wa chini ya mwembe hana bwana wa namna hiyo ng'ambo.

Tunafika sasa kwenye jambo linalotutia hofu kuliko gharama na kuliko ajali, nalo ni jicho lenyewe.

Mwaka 2023 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi iliishtaki kampuni ya Ring. Katika mashtaka hayo ilidai kwamba mfanyakazi mmoja, kwa muda wa miezi kadhaa mwaka 2017, alitazama maelfu ya picha za video za wanawake wasiopungua 81, zilizopigwa na kamera zilizokuwa katika sehemu za siri za nyumba zao, kama vyumba vya kulala na bafu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8 ili shauri limalizike. Kabla ya hapo, Desemba 2022, ilijulikana kwamba picha zilizopigwa mwaka 2020 na roboti za kufagia sakafu zilizokuwa katika majaribio, mojawapo ikimwonyesha mwanamke akiwa ameketi chooni, zilikuwa zimesambazwa katika makundi ya mtandaoni na vibarua wa Venezuela waliokuwa wakilipwa kuzitazama na kuziwekea alama ili mashine zijifunze. Kampuni ilieleza kwamba wenye nyumba zile walikuwa wamelipwa na kukubali kushiriki majaribio. Huenda walikubali, hatudhani walikubali hilo. Kazi kama hiyo ya kuweka alama kwenye picha hufanywa pia Nairobi, na vijana wasomi, kwa ujira mdogo. Mashine isiyolala ina watumishi wengi nyuma yake, nao hulala kidogo sana.

Katika nyumba ya mwamini, anayepigwa picha kwa saa nyingi kuliko wote ni nani? Si baba mwenye nyumba, ambaye hutoka alfajiri na kurudi usiku. Ni binti wa kazi. Tume yetu imepokea lalamiko la binti mmoja aliyegundua kwamba ukumbi anaolala ulikuwa na kamera juu ya saa ya ukutani, baada ya kijana wa nyumba hiyo kumwonyesha, kwa mzaha, picha zake akivua kitenge. Alipomweleza mama mwenye nyumba alijibiwa kwamba kamera ni kwa ajili ya wezi. Ndugu zetu, Ibara ya 16 ya Katiba yetu inamhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Haikusema kila mwenye nyumba. Tena tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022. Mtu akipigwa picha, ana haki ya kujua anapigwa kwa sababu gani na picha zake anazo nani. Anayelisha kamera yake picha za binti wa watu bila kumwambia asijiite mlinzi wa nyumba.

Na nyumba ya mapadre je? Viongozi, mnajua ni akina nani hugonga mlango ule saa saba za usiku. Ni mke aliyepigwa, mwenye mtoto mgongoni. Ni kijana anayetafutwa, na hajui kama anayemtafuta ni mtu wa sheria au la. Ni karani aliyeona karatasi asizopaswa kuona. Watu hawa huja kwetu kwa sababu ya giza na kwa sababu ya kimya cha mzee wa getini, ambaye katika miaka kumi na mmoja ameona mengi, na hakuna neno lake lililosikika sokoni. Tukiweka pale jicho linaloandika saa, dakika na sura ya kila aingiaye, na kuipeleka nchi tusiyoijua, chini ya neno la siri alilolichagua fundi, hatutaona tofauti siku ya kwanza. Tutaiona siku watakapoacha kugonga.

Kuhusu neno la siri tuseme hili kwa kifupi: mwaka 2016 wahalifu waliteka mamia ya maelfu ya kamera na vifaa vingine vya nyumbani duniani, kwa sababu tu wenyewe walikuwa hawajabadilisha maneno ya siri yaliyotoka kiwandani, wakavitumia kuangusha huduma kubwa za intaneti. Muulizeni aliyewafungia kamera ameandika nini.

Wengine watatuambia kwamba tunaota zama za kale, na kwamba hapo zamani jirani ndiye aliyekuwa mlinzi. Hatuoti. Tunakumbuka sungusungu walivyoanza miaka ya themanini mwanzoni kule Usukumani na Unyamwezini, wizi wa ng'ombe ulipozidi na dola ikashindwa. Walirudisha usingizi vijijini, na pia walitenda maovu: walipiga watu, waliwafukuza na kuwaua wazee kwa tuhuma za uchawi. Jirani mwenye rungu bila sheria ni hatari, na Tume yetu ina mafaili ya kutosha kulithibitisha hilo. Lakini tatizo lile lilikuwa la watu, likazungumzwa na watu, kukawa na mtu wa kumkemea. Mtaa ambao kila nyumba ina ukuta wa futi nane, uzio wa umeme juu yake, na mashine inayozunguka ndani, hauna tena wa kumkemea wala wa kumwita. Mwaka jana nyumba moja katika mtaa huo ilivamiwa. Ving'ora vililia kwa dakika ishirini. Majirani walituambia baadaye kwamba walidhani ni paka.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu kazi hatutayarudia hapa. Kila kiongozi ameyasikia katika semina, kuanzia Rerum Novarum ya mwaka 1891 hadi Laborem Exercens ya mwaka 1981. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina hilo kwa sababu, pamoja na nyingine, ya Leo wa Kumi na Tatu na mapinduzi ya viwanda ya wakati ule, akiyaona mashine zenye akili ya kuundwa za leo kuwa swali la namna hiyohiyo. Swali hilo limefika kwenye geti letu kwa sura ya karatasi ya bei.

Basi msimamo wetu mbele ya Halmashauri ni huu. Kwanza kibanda, chenye paa, kiti kizima na choo, kabla ya shilingi moja kutoka kwa ajili ya mashine. Kisha daftari la mishahara lisahihishwe: saa zipunguzwe hadi zinazoruhusiwa, hata kama italazimu kuajiri mlinzi wa tatu, na malimbikizo yajadiliwe na wahusika wenyewe uso kwa uso. Ghala na ofisi vifungwe vihisi vya milango, na mlinzi apewe kitufe cha kuita msaada, kile kidogo cha kushika mkononi kisichotumia waya, king'ora kilie kwa mapadre, kwa masista na kwa katekista. Hicho ndicho chombo tunachokiunga mkono kwa mikono miwili, chombo kinachomfanya mzee asiwe peke yake gizani. Kamera moja itazame ghala. Isiwepo yoyote itazamayo mlango wa nyumba ya mapadre, au njia ya kwenda kwenye kitubio, au vyumba vya wafanyakazi. Roboti hatuitaki.

Na iwapo Halmashauri, baada ya kutusikia, itaamua kumpunguza mtu kazini, basi iamue kwa mujibu wa sheria: taarifa itolewe mapema, mhusika ashauriwe na aelezwe sababu, alipwe likizo na notisi yake, na kiinua mgongo cha ujira wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka kumi. Kwa mzee wetu ni siku 70. Mwaka wa kumi na moja sheria haiuhesabu. Sisi tutauhesabu, na tutaomba ulipwe.

Pendekezo litarudi mezani Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa parokia. Tumeomba daftari la mishahara liwekwe kando ya karatasi ya bei. Tumeomba pia mzee aitwe, aketi kitini kama wajumbe wengine, aulizwe na ajibu. Paroko alipompelekea habari hiyo pale chini ya mwembe, alisimama, akavua kofia, akasema: "Nitakuja, Baba. Ila naomba kikao kisivuke saa kumi na mbili, naingia lindo."